Kukwepa Lawama na Kuhamisha Hasira

Dominika ya Kumi ya Mwaka B



Ndugu wapendwa, somo la kwanza la Dominika hii, lililotwaliwa katika sura ya 3 ya kitabu cha Mwanzo, linatukuta bustanini baada ya tunda kuliwa. Mungu anamwita mwanadamu na kumwuliza mahali alipo. Hamwulizi kwa sababu hamwoni. Anamwuliza ili mtu yule ajitokeze kwa miguu yake na kusema kwa kinywa chake. Nanyi mmesikia jinsi Adamu alivyojibu alipobanwa: alimtaja mwanamke. Tena alimtaja kuwa ni yule mwanamke ambaye Mungu mwenyewe alimpa, kana kwamba mtoa zawadi ndiye mwenye kosa. Mwanamke naye alipoulizwa alimtaja nyoka. Nyoka hakuulizwa kitu. Labda angaliulizwa, naye angalitafuta wa kumtaja.

Wazee wetu wanao usemi kwa watu wa namna hii: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na mkulima anayeusikia usemi huo hucheka, maana anajua kwamba mbaazi ni mmea unaolivumilia jua kuliko mimea mingi ya shambani.

Lakini tusiwe wepesi wa kusema kwamba Adamu alidanganya. Tukiyapima maneno yake moja moja hatuoni uongo ndani yake. Ni kweli mwanamke alimpa tunda. Ni kweli mwanamke yule alitoka kwa Mungu. Hata Eva alisema kweli, kwa kuwa nyoka alimhadaa. Hapo ndipo ugumu ulipo, na makatekista wanaotusikiliza wauangalie vizuri wanapowaandaa watu kwa kitubio. Mtu anayekwepa lawama mara nyingi hatumii uongo. Anachagua ukweli mmoja ulio karibu, anausimamisha mbele yake kama mlango, kisha anajificha nyuma yake. Ukimwambia kwamba amesema uongo, atakushinda katika hoja, kwa sababu hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba aliulizwa juu ya nafsi yake, akajibu juu ya mwingine.

Injili ya leo, katika sura ya 3 ya Marko, inatuonyesha jambo hilohilo likitendwa na watu wenye elimu. Waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu waliona pepo wakitolewa. Kazi ile iliwataka waseme jambo juu yao wenyewe: je, wako tayari kuamini, au hapana? Swali lilikuwa zito, basi wakaligeuza. Wakaanza kujadili habari za Beelzebuli. Na Bwana wetu aliwajibu kwa onyo kali kuliko maonyo yake mengi, akisema juu ya dhambi isiyo na msamaha. Wengi wetu tumeliogopa neno hilo tangu tulipokuwa watoto wa mafundisho. Kanisa linatufundisha, katika Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, kwamba huruma ya Mungu haina mipaka, lakini anayekataa kwa makusudi kuipokea kwa kutubu, huyo anaukataa msamaha wenyewe. Fikirini basi: msamaha unamtafuta mtu wa kusamehewa, na kila mlango unaobishwa mtu husema, siye mimi, mwulizeni jirani. Msamaha utaingia nyumba ipi?

Hayo ndiyo tunayoyaita kukwepa lawama. Sasa tunawaomba mfunue ukurasa unaofuata, ingawa hausomwi katika Misa ya leo. Katika sura ya 4 tunamkuta Kaini, mwana wa Adamu na Eva, na watu wengi hudhani kwamba mwana alirudia tu kosa la wazazi wake. Sivyo. Ugonjwa wake ni mwingine, nao ulitakiwa kutibiwa kwa namna nyingine.

Kaini alileta sadaka, Abeli akaleta sadaka. Mungu akaiangalia kwa upendeleo ile ya Abeli, ya Kaini hakuiangalia. Kaini akawaka hasira, uso wake ukakunjamana. Hatutaingia leo katika mjadala wa kwa nini sadaka ile haikupokewa. Wataalamu wameandika mengi, na Maandiko yenyewe hayasemi wazi. Tunaloliona wazi ni hili: aliyemwumiza Kaini hakuwa Abeli. Abeli hakumnyang'anya chochote wala hakumcheka. Neno lililomchoma Kaini lilitoka juu. Lakini mtu atainuaje mkono dhidi ya Mungu? Abeli alikuwa karibu, alikuwa mdogo, na shambani hapakuwa na shahidi.

Katika usemi wa kila siku tunaita jambo hili kumalizia hasira. Mtu aliudhiwa pale, akaja kuimalizia hapa. Wala jambo hili halikugunduliwa na wataalamu wa juzi, ijapokuwa Sigmund Freud, daktari wa Vienna, katika kitabu chake juu ya ndoto kilichotolewa kwa tarehe ya mwaka 1900, alieleza kwa makini jinsi uzito wa jambo kubwa unavyoweza kuhamia katika jambo dogo lisilostahili. Mama yeyote anayefuga kuku amekwisha kuliona uani kwake. Kuku mkubwa akimdonoa wa katikati, huyu wa katikati hamrudii mkubwa. Hugeuka akamdonoa kifaranga.

Basi tofauti iko hapa. Anayekwepa lawama anaukimbia mshale unaomjia, na mshale ule ni wa haki. Anayehamisha hasira amekwisha kuchomwa na mshale, pengine bila haki kabisa, akauchomoa na kumrushia asiyehusika. Wa kwanza anasema hana kosa, kumbe analo. Wa pili ana jeraha la kweli, ila amekosea mahali pa kulilia.

Tazameni jinsi Mungu mwenyewe alivyowatofautisha watu hao wawili. Adamu aliulizwa mahali alipo. Kaini hakuulizwa hivyo. Kabla hajatenda kosa lolote, Mungu alimwuliza sababu ya hasira yake na ya uso wake kukunjamana. Hakumwambia anyamaze wala hakumkemea kwa kukasirika. Alimpa nafasi ya kulitaja jeraha lake mbele ya yule yule ambaye kwake jeraha lilitoka, akamwonya pia kwamba dhambi ilikuwa inamvizia mlangoni. Na Kaini alijibu nini? Hakujibu. Someni tena mistari ile, hamtaona jibu. Maandiko yanaendelea mara moja kusema kwamba Kaini alisema na Abeli nduguye. Na katika maandishi ya Kiebrania tuliyo nayo hata neno alilosema halimo, ingawa tafsiri za kale za Kigiriki na Kilatini zimejaza kwamba alimwalika waende shambani. Jibu alilotakiwa kumpa Mungu alilipeleka kondeni kwa nduguye.

Baada ya damu kumwagika, Mungu aliuliza tena, safari hii juu ya ndugu, naye Kaini akasema kwamba hajui, na kuuliza kama yeye ni mlinzi wa nduguye. Mnasikia sauti ya baba yake? Aliyeanza kwa kuhamisha hasira amemalizia kwa kukwepa lawama. Magonjwa haya ni mawili, lakini hupenda kulala katika kitanda kimoja, na ndiyo maana tunayachanganya.

Tuyalete nyumbani. Tuseme yupo baba mmoja mchuma chai. Amechuma tangu umande haujakauka, na kwa uzoefu wa mgongo wake anajua kikapu chake kina uzito gani. Kwenye mizani karani anaandika kilo 3 pungufu. Baba yule ameuona mshale wa mizani ulipofika, lakini hasemi, kwa kuwa kesho na keshokutwa atapimiwa na karani huyohuyo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Anashukuru, anachukua karatasi yake, anashika njia. Nyumbani anamkuta mwanawe wa miaka 8 amevunja kikombe. Fimbo alizopigwa mtoto yule jioni ile zilikuwa za kilo 3, wala hazikuwa za kikombe. Na mkewe anapothubutu kuuliza kulikoni, anajibiwa kwamba yeye ndiye aliyemdekeza mtoto. Hapo baba yule ametoka sura ya 4, amerudi sura ya 3.

Jumamosi anakuja kuungama. Anasema amekasirika na kumpiga mtoto kupita kiasi. Ni maungamo mema, nasi tunampa ondoleo la dhambi kwa jina la Kanisa. Lakini juma la pili anarudi na kosa lilelile, na juma la tatu tena, mpaka anaona haya kuja. Ndugu makatekista, mtu huyu nanyi mnamjua. Tumezoea kumwambia aache hasira, ajinyime, asali zaidi. Mara chache tunamwuliza swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini. Angaliulizwa, pengine angaliitaja mizani kwa mara ya kwanza. Na mizani ikitajwa, jambo linaacha kuwa lake peke yake: jumuiya ndogondogo yake ina wachuma chai wengine, na watu wanane wakimwendea karani kwa heshima, karatasi zao mkononi, si sawa na mtu mmoja mnyonge. Tukimhimiza aimeze tu hasira, bila kujua tumemlinda karani. Nasi hatukuwekwa wakfu kwa ajili hiyo.

Lakini sharti tuseme na upande wa pili, maana wapo watakaofurahi kusikia habari za jeraha ili wasisikie habari za fimbo. Jeraha la baba halikumpunguzia mtoto maumivu hata chembe. Mama mwenye huruma humwambia mtoto kwamba baba amechoka tu. Anasema kweli, lakini anamjengea mumewe mlango wa kujificha nyuma yake. Mtoto anayo haki ya kusikia kutoka kwa baba mwenyewe kwamba kosa halikuwa lake. Tunajua kwamba wazee wengi wa kwetu huona ni aibu mtu mzima kumwomba mtoto radhi. Hatukubaliani nao. Mtoto asiyeombwa radhi hubaki akiamini kwamba kikombe kina thamani kuliko yeye, na siku moja naye atatafuta aliye mdogo kuliko yeye.

Wengine watauliza: je, Maandiko yenyewe hayakuruhusu kuhamisha? Je, hakuwapo yule mbuzi aliyebebeshwa dhambi za watu? Hata magazeti yetu, mtu akibebeshwa kosa la wengine, humwita mbuzi wa kafara. Lakini wanaosoma sura ya 16 ya Mambo ya Walawi wataona mambo mawili. Mbuzi walikuwa wawili, na yule aliyechinjwa siye aliyebebeshwa maovu. Huyu wa pili alipelekwa jangwani akiwa hai. Tena kabla hajaondoka, Haruni alitakiwa kuweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake na kuyaungama maovu yote ya wana wa Israeli. Yalitajwa kwa sauti, na yalitajwa kuwa ya kwao. Hakuna mtu aliyedai kwamba mbuzi ndiye mkosaji. Sisi tunataka mbuzi aende bila maungamo.

Ndugu wapendwa, si vema tuwanyooshee kidole wachuma chai na makarani peke yao. Sisi wenyewe tunaozungumza nanyi asubuhi hii, tulipokuwa paroko katika parokia moja ya milimani, tuliyatenda yote mawili katika juma moja.

Siku ya Jumamosi tuliletewa barua kutoka ofisi iliyo juu yetu. Ilisema kwamba hesabu za fedha za bati za kigango kimoja hazikufika, na iliyasema hayo kwa maneno ambayo hayakuwa ya lazima. Hesabu tulikwisha kuzipeleka, tena kwa mkono wetu. Tuliikunja barua, tukaiweka mfukoni, hatukumwambia mtu. Kesho yake, Misa ikielekea mwisho, katekista wetu alisimama kusoma matangazo ya ndoa, akakosea jina la bwana arusi akamtaja kaka yake. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha wema, hata bwana arusi alicheka. Sisi tukasimama pale altareni tukamwambia Mwalimu yule, mbele ya waamini wote, mbele ya wajukuu zake walioimba kwaya, kwamba kama macho yamemshinda basi akae chini wasome wenzake. Alikuwa ametumikia parokia ile miaka mingi kabla yetu. Alikunja karatasi yake, akakaa.

Siku ya Jumatano halmashauri ya parokia ilikutana, na mzee mmoja akauliza kwa upole kama ilikuwa lazima kusema vile. Tulijibu kwamba kipaza sauti kilikuwa kibovu, kwamba mwandiko wa matangazo haukusomeka, na kwamba nyumba ya Mungu inahitaji utaratibu. Yote matatu yalikuwa kweli. Mzee yule alisema, "Sawa, Padre," na kikao kikaendelea na habari za mavuno.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tuliona, kwa namna ambayo mpaka leo inatutia haya, kwamba mbele ya halmashauri tumesimama kama Adamu. Na kwamba kuikiri dhambi hiyo ya pili hakutatosha mpaka tumeifikia ile ya kwanza. Asubuhi tukashuka bondeni nyumbani kwa katekista. Tulimkuta akipukuchua mahindi. Alituletea kigoda, akatukaribisha, akaendelea kupukuchua. Tulianza kusema habari za kipaza sauti. Alitusikiliza mpaka tukaishiwa maneno, kisha akauliza, "Padre, ile barua niliyokuletea Jumamosi ilisema nini?"

Ndiye aliyeichukua posta. Alikuwa ameuona uso wetu tulipoifungua.

Tulimwambia yote, habari za bati na za hesabu, na jinsi tulivyohisi kwamba tumeitwa wezi. Hakututetea wala hakutulaumu. Aliuliza kama tumekwisha kuwajibu walioandika. Tulipokiri kwamba hapana, alisema kwamba nakala za hesabu zile anazo yeye katika sanduku lake, kwa kuwa ndiye aliyezinakili, naye yuko tayari kutia sahihi pamoja nasi. Ndipo tulipomwomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka, bila kuchanganya na barua. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Mimi nimekusamehe tangu Jumapili, Padre. Lakini watoto hawakusikia ukiniomba."

Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya Komunyo, tulisema mbele ya watu walewale kwamba tulimwonea Mwalimu wetu, na kwamba hasira ile haikuwa yake. Hatukueleza barua, kwa maana wao hawakuwa wameiuliza, na kuileta pale kungekuwa kujitengenezea mlango mwingine. Kisha tukaketi. Mwalimu akasimama, akavaa miwani yake, akasoma matangazo ya ndoa kwa mara ya pili, pole pole, jina la bwana arusi akilirudia mara mbili, na watu wakacheka tena.

Amina.